Bi Ukungu na Mto Wetu

Mheshimiwa Mkurugenzi, wakuu wa vitengo, wapima ardhi na wachora ramani, mume na watoto wa mstaafu wetu, na majirani zangu mliojaza viti vya nyuma: nawasalimu nyote kwa heshima. Nasimama kama mwenyekiti wa mtaa wa bondeni, na nimeonywa nisiongee sana. Anayenijua ameshacheka.

Dada yetu anastaafu leo. Nyinyi mnamwita Mkuu wa Ramani. Sisi tulimbandika jina la Bi Ukungu. Kwa nini? Idara ilipotaka kuufuatilia mto wetu, wengi tulitaka picha kali za setilaiti, zile ambazo hata kamba ya nguo unaiona. Yeye akachagua za wastani, zenye ukungu, ambazo kidoti kimoja cha picha kinameza nyumba na ua wake. Alipotuonyesha ukutani, kila mtu akatafuta paa lake, asilipate. Mama mkwe wangu akashindwa kuvumilia: "Mwanangu, picha gani hii? Sisi tuko wapi?"

Hakukasirika. "Mama, kwako napajua, nimekunywa chai pale. Ninaouchunga ni mto. Picha kali nitaipata mara moja kwa mwaka, tena kipande tu. Hizi huja kila baada ya siku chache, bonde zima, na za miaka ya nyuma zipo. Mtoto mwenye homa utampima mara moja kwa mwaka, eti kwa sababu kipimajoto ni kizuri?"

Akazipanga mwaka baada ya mwaka. Jamani! Mto tuliodhani umetulia ulikuwa unatusogelea, unakula ukingo taratibu, na sisi tunaanika nguo. Watu wa safu ya chini, ile ya nyumba za ukingoni, wakahama, wengine kwa manung'uniko. Mama mkwe akahamia kwangu, na hilo, Bi Ukungu, bado sijakusamehe.

Mvua zilizofuata, ukingo ukaporomoka, na safu nzima ya nyumba ikaenda na maji. Zilikuwa tupu.

Tukulipe nini, dada? Hatuna. Tunashukuru mpaka maneno yanatuishia, na mimi kuishiwa maneno si jambo dogo. Basi naomba wote mliokuwa mkiishi safu ya chini msimame. Wenye watoto, wanyanyueni.

Dada, geuka uwatazame. Hawa wote wangekuwa ndani.

Asanteni nyote kwa kunipa masikio yenu.