Mlowe na Matufaha ya Lukwale

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bwana Wilfred Mlowe anafunga rasmi miaka thelathini na miwili ya utumishi katika Kituo cha Majaribio ya Matunda, hapa Morogoro Mjini. Kamati ya sherehe imenipa kurasa mbili na kuniomba niandike kwa heshima. Nitajitahidi. Ila anayemfahamu Mlowe anajua kwamba mtu huyu na utani ni ugali na mboga, kwa hiyo asije akalalamika.

Alizaliwa Njombe, kwenye baridi ya kweli, akaja kwetu kijana mwembamba aliyevaa sweta. Sweta lile alilivua wiki ya kwanza na hatujaliona tena mpaka leo. Alianzia kitaluni chini ya marehemu Mzee Andrea, aliyemfundisha kubebesha miche, yaani kuunga kikonyo cha mti mmoja kwenye shina la mwingine, na baada ya miaka michache akapandishwa kuwa msimamizi wa majaribio ya matunda ya kigeni.

Kwa wageni wetu wa leo, kazi yenyewe ni hii. Mche unatoka nchi nyingine, unapandwa hapa, unaangaliwa kwa miaka kama unastahimili joto letu, mvua zetu na wadudu wetu. Mwisho unasema ukweli, na mara nyingi ukweli ni kwamba haufai. Mlowe amezika miche mingi. Kiwi zilitambaa juu ya uzio mpaka zikauangusha, wala hazikutoa tunda hata moja. Pea zilizaa vizuri, nzi wa matunda wakatutangulia kuzionja. Yeye aliandika taarifa, akafyeka, akapanda kingine. Hakuwahi kuupamba mti ulioshindwa ili kumfurahisha mkubwa yeyote.

Lakini moyo wake ulikuwa kwenye tufaha. Ilimkera kuona kila epo linalouzwa stendi limevuka mipaka kutufuata, na milima tumeiegemea hapa mgongoni. Alitaka kitu kimoja kabla hajastaafu: tufaha lililozaliwa Uluguru, kwenye mti utakaobaki pale hata yeye akiondoka. Alilisema hilo katika kila kikao, hata kile cha kuchagua mapazia ya ukumbi.

Shida ya tufaha ni kwamba linataka msimu wa baridi ili lilale, likiamka litoe maua. Kwetu halipati usingizi. Dawa aliyojifunza Mlowe ni kuondoa majani yote kwa mkono, mti ubaki mtupu, na hapo ndipo unaposhtuka na kuchanua. Siku alipoanza kazi hiyo hapa kituoni, Bi Sabra wa jikoni alitoka na mwiko mkononi, akamwuliza kama miti ile inaandaliwa kwa pilau, maana hajapata kuona mti ukinyonyolewa kama kuku. Tangu siku hiyo jina lake likawa Mnyonyoaji, na analiitikia.

Hapa mjini miti ile ilitoa majani mapya na maneno ya watu, basi. Joto liliishinda. Mlowe akaihamishia miche yake mlimani, kijiji cha Lukwale, kwa mkulima hodari wa kabichi anayeitwa Lukasi. Shamba lilikuwa la matuta mazuri, ukungu wa asubuhi, udongo mweusi. Miche ikashika. Mlowe, kwa desturi ya majaribio yetu, akapigilia kibao cha bati mwanzoni mwa kila safu, na juu ya kila kibao akaandika jina la mkulima: LUKASI.

Jamani! Uluguruni ardhi hupita kwa mama. Shamba lile lilikuwa la ukoo wa Paskalia, mke wa Lukasi. Mume analima, anapanda mahindi, maharage, kabichi, anavuna, hakuna mwenye neno. Lakini mti wa miaka mingi ni jambo jingine kabisa. Anayepanda mti anasema ardhi hii ni yangu. Lukasi alilijua hilo tangu utotoni, ila alijipa moyo kwamba miche ni ya kituo, yeye anaitunza tu. Vile vibao vya bati vikasema vingine. Mlowe wa watu, aliyetoka kwao ambako baba ndiye humgawia mwana shamba, hakuwa na habari.

Wajomba wa Paskalia walipoviona, hawakupiga kelele. Waliing'oa miche yote siku moja, wakaifunga mizizi kwa majani ya migomba yenye unyevu, wakailaza kando ya barabara ikiwa imepangwa vizuri, na vibao vyake juu. Lukasi aliambiwa arudi kwao. Ndoa ya watu, yenye watoto, ikawa inaning'inia kwa sababu ya matufaha ambayo hakuna aliyewahi kuyala.

Habari zilipofika, wapo waliotaka polisi wapelekwe Lukwale, na wapo waliosema jaribio lifungwe. Mlowe aliyakataa yote mawili. Alisema watu waliokusudia kuharibu hawafungi mizizi kwa majani ya migomba, na kwamba aliyekosa ni mwenye rangi na brashi. Akapanda mlima kwenda kwa Bi Josephina, mama mkubwa wa Paskalia, mwenye kauli ya mwisho katika ukoo ule. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa, akawekwa kwenye kigoda kifupi mpaka magoti yakamfika masikioni, na kusemwa akasemwa. Bi Josephina alimwuliza kama huko kwao mgeni hukaribishwa chakula akaondoka na chungu.

Akatozwa faini ya jogoo. Wilfred Mlowe, mtaalamu wa kilimo, alikuwa hajui kumbeba jogoo kwenye bodaboda. Jogoo alichoropoka njiani, wakamfukuza yeye na dereva katikati ya mashamba ya maharage ya watu, na nusura faini iwe mbili. Alifika Lukwale ana matope mpaka kwenye miwani. Inasemekana ni hapo Bi Josephina alipocheka mara ya kwanza, na mzee akishacheka, kesi imepungua uzito.

Mlowe hakuomba miche irudishwe kwa Lukasi. Aliomba vitu viwili: Lukasi asiadhibiwe kwa kosa la kibao, na miti iwe ya ukoo, ipandwe na Paskalia kwa mkono wake, ukoo ukichagua mahali. Walikaa kikao kirefu. Wakakubali. Lukasi akarudi nyumbani kwake, na wajomba wale wale walioing'oa miche ndio waliochimba mashimo. Baadhi ya miche ilikuwa imekwisha kufa. Iliyobaki ilishika, na msimu wa kunyonyoa ulipofika, Bi Josephina aliletewa kiti shambani ashuhudie wendawazimu huo kwa macho yake.

Aina nyingi zilishindwa hata huko juu, na Mlowe aliziandika kuwa zimeshindwa. Moja ilizaa. Tunda lake si kubwa, ni jekundu upande mmoja, lina uchachu kidogo, na ukiling'ata linalia. La kwanza walikata vipande wakagawana ukoo mzima, na Mlowe akapewa chake. Hakukila palepale. Alikileta kituoni kwenye leso, tukakionja sote, kila mtu ukucha wake. Loh, tulipiga vigelegele kwa kipande kilichokwisha kuwa cheusi!

Leo akina mama wa Lukwale wanateremsha matufaha yao sokoni, na vijiji vya jirani vimeomba miche. Wakubwa fulani walitaka igawiwe mkoa mzima kwa haraka. Mlowe aliandika wazi kwamba mti huu ni wa mlimani, na kwamba ukiona tufaha Gairo ujue limeteremka kwenye basi. Walinuna. Yeye akaenda kunywa chai.

Mwezi uliopita Lukasi na Paskalia walikuja hapa na ujumbe. Bi Josephina, ambaye sasa hatoki sana nje, alisikia kwamba Mlowe anastaafu. Akauliza katika miaka yote hiyo amepanda mti gani ulio wake. Wakamjibu hakuna, yote ni ya kituo au ya watu, na nyumba yake ya Mafiga haina uwanja wa kutosha hata mpapai. Bi Josephina akasema asiye na mti ni mpita njia, na huyu hajapita, amekaa. Ukoo umemkatia mahali pa mti mmoja, mwisho wa tuta la juu, aje na mche na jembe lake.

Alikwenda na mkewe, Mama Martina, nasi wa kitaluni tukafuatana nao. Mlowe alichimba shimo kwa jembe lake, akaupanda mti ule, na alipoinuka machozi yalikuwa yanamtiririka, hakuyafuta. Kibao alikataa kukiweka. Alisema kimeshamponza mara moja. Bi Josephina, aliyebebwa mpaka pale, akaagiza kwamba safari hii kibao kiwekwe, na jina liandikwe kubwa, ili hata mtoto atakayezaliwa kesho asome mti ni wa nani. Nilikiandika mimi. Wajomba wakakipigilia.

Bwana Mlowe, Mnyonyoaji wetu, asante kwa ukweli wako na kwa jasho lako. Mungu akupe afya, wewe na Mama Martina, na wajukuu wa kukusumbua. Pumzika, lakini usipumzike sana: mti wako wa Lukwale hauwezi kujinyonyoa wenyewe, na wenyeji wako wanakungoja.

Chausiku Hafidhi, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako wa kitalu.