Mama Taipu Achagua Laptopu Yake

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka lililofungwa zamani, mkabala na ofisi ya ardhi. Kahawa nauza mimi. Wateja wangu wa kila siku ni wawili. Kuna Breki, dereva wa lori aliyestaafu. Tulimpa jina hilo kwa sababu akianza kuongea, breki hazishiki. Na kuna Gazeti, aliyekuwa karani wa stoo, ambaye husoma gazeti la jana akalieleza kama la kesho. Hatua tano kutoka benchini, kwenye kibaraza cha duka hilohilo, Mama Taipu alikaa miaka ishirini na saba na mashine yake ya kupiga chapa, akiwaandikia watu barua na maombi ya viwanja. Ijumaa ofisi ikabandika tangazo: kuanzia tarehe mosi, maombi ya karatasi hayapokelewi tena, kila kitu kitumwe kwa kompyuta. Jumamosi watu walipita kumpa pole kana kwamba kafiwa. Jumatatu saa nne asubuhi akaja mikono mitupu, mashine kaiacha nyumbani, simu tu mkononi, akajibana katikati ya wale wawili.

— Sogeeni. Leo naagiza laptopu.

Breki akaweka kikombe chini.

— Unaagiza kwa nani?

— Mtandaoni.

— Mtandaoni ndiyo nani?

— Ndiyo dukani, kaka. Duka lenyewe liko humu kwenye simu.

Gazeti akamtazama juu ya miwani.

— Dada, umri huu? Si upumzike? Binti yako kaolewa vizuri, mkwe mwenyewe mtu wa ofisini.

— Huyo mkwe ndiye kanitia moto. Jana kaja na picha ya kidude kidogo kama sahani, herufi kubwa, eti ya watu wazima. Kaniambia, "Mama, hii haitakusumbua." Nikamwuliza, nani kakwambia mimi sitaki kusumbuliwa?

Nikacheka, nikammiminia kahawa. Breki hakucheka.

— Lakini kompyuta unaijua wewe?

— Ile miezi mitatu niliyokuwa nafunga kazi mapema, mlidhani nakimbilia wapi?

— Tulidhani ni goti.

— Goti langu zima. Nilikuwa darasani, kile chuo cha nyuma ya soko. Nilipoona wanashusha makasha ya kompyuta pale ofisini, nikajua zamu yangu ya kusukumwa inakuja. Nimekaa na watoto wa umri wa wajukuu zangu, wananiita bibi, na mtihani nimewapita. Cheti ninacho.

Kumbe! Miezi mitatu, na sisi tunaojifanya kujua hata mbwa wa mtaa kalala wapi hatukujua hilo.

Akafungua ukurasa wa duka. Kulikuwa na sehemu ya kujipangia mwenyewe: unachagua kipande kimoja kimoja, nao wanakuundia mashine kama ulivyotaka. Mkwe alikuwa amemwonya asiguse hapo. Ndipo alipogusa.

— Kwanza wanauliza prosesa. Ya kawaida, ya kati, au ya juu.

— Hiyo ndiyo injini, akasema Breki, na mabega yakampanda. Hapo nisikilize mimi. Chukua ya juu kabisa. Mimi nimepanda milima na injini dhaifu, najua machozi yake.

— Barua zangu hazipandi mlima, kaka. Nachukua ya kati.

— Utajuta kwenye kona!

— Ya kati. Sasa ram. Nane, kumi na sita, thelathini na mbili.

— Ram ni nini? nikauliza mimi.

— Mwalimu wetu alisema ni meza. Meza ikiwa finyu, unafungua faili moja, ya pili inaanguka. Ikiwa pana, unatandaza kazi za watu wanne kwa mpigo. Halafu kuna hifadhi, hiyo ni kabati. Unakotunza.

Gazeti akakunja gazeti lake. Akifanya hivyo, jua anatoa kubwa.

— Hapo uwe mwangalifu sana. Mimi nimesoma. Kumbukumbu ikizidi, mashine haisahau. Umemwandikia mtu barua ya kudai talaka, wamepatana, wamezaa tena, mashine bado inajua. Siku moja inamtumia mumewe.

— Yenyewe?

— Yenyewe! Kuna bwana mmoja alikuta kompyuta yake imemwombea kazi nchi nyingine, na ikamkubalia.

— Akaenda?

— Angefanyaje? Tiketi ilishakatwa.

Breki hakukubali kushindwa.

— Hilo dogo. Mimi nimesikia laptopu ya mtandaoni inakuja tupu. Herufi hamna. Unanunua A, wiki ijayo unanunua B. Watu wamekwama kwenye M miaka miwili, hawawezi hata kuandika "pole".

— Pole inaandikwaje kwa M, Breki? akauliza Gazeti.

— Ninachosema ni kwamba P iko mbali zaidi!

Mama Taipu kakazana na kioo cha simu, midomo inatembea.

— Kumi na sita, akasema. Meza pana. Na kabati la kati.

— Na hiyo kamera? akauliza Gazeti. Usiweke kamera. Hiyo inakutazama hata ukilala, inapeleka sura yako kwenye mawingu. Mvua ikinyesha huko, sura yako inaloa, unaamka umevimba.

— Basi nitaamka nimevimba na kazi yangu nimemaliza. Betri kubwa. Umeme wa hapa mnaujua. Sasa kibodi.

Hapo akaweka simu mapajani na kutazama vidole vyake. Vile vya shahada vimepinda kidogo pembeni, kwa miaka ishirini na saba ya kugonga chuma.

— Kuna kibodi laini na kuna ngumu, akasema taratibu. Ile ya mkwe ilikuwa laini. Kule chuoni nilivunja mbili. Mwalimu akaniambia, bibi, gusa kama unapapasa mtoto. Nikamwambia nimewagongea watu viwanja vyao kwa vidole hivi, sijui kupapasa. Nachukua ngumu. Na taa chini yake.

— Chukua ngumu, nikasema.

Ndipo Gazeti akasema lile ambalo nadhani alikuwa nalo tangu mwanzo. Safari hii sauti yake haikuwa ya mzaha.

— Dada, nikwambie ukweli. Siku hizi mashine hizi zinaandika zenyewe. Mtu anaiambia tu, niandikie barua ya kiwanja, inaandika. Utaileta hapa, itajifunza kazi yako, halafu itakaa kwenye kibaraza chako peke yake. Unanunua mtu wa kukufukuza.

Mama Taipu akanywa kahawa yake hadi kwenye machicha.

— Mwaka juzi, akasema, alikuja mzee mmoja kutaka barua ya kulalamika kwamba jirani kasogeza mpaka. Nikamwuliza, umesogezwa hatua ngapi? Akaanza kulia. Tumekaa saa nzima. Kumbe mpaka haukusogea hata kidole. Jirani alikuwa ni mdogo wake, na mdogo wake kafa, na watoto wa marehemu hawamwamkii. Barua niliyoandika haikwenda ofisi ya ardhi. Ilikwenda kwa watoto wale. Sasa hiyo mashine ije ikae. Mtu akija analia, tutaona kama ina leso.

Simu ikalia. Alikuwa mkwe, na Mama Taipu akaweka sauti ya nje ili sote tusikie.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, baba.

— Mama, nimeona umeingia kwa ile akaunti niliyokufungulia. Naona unachagua vitu vya mainjinia. Kibodi ngumu, ram kumi na sita... Hivyo si vya kwako, mama. Ngoja nirudishe ile ndogo.

— Baba, mke wako amekulia kwenye nini?

— Sijaelewa, mama.

— Amekulia kwenye maziwa, kwenye ada, kwenye viatu vya shule, vyote vimetoka kwenye kibodi ngumu. Usinigusie kikapu changu cha humo dukani. Nakuheshimu sana, lakini ukikigusa nakuja huko sasa hivi na kanga moja.

Mkwe akakohoa. Akasema sawa mama, akauliza tu kama ameweka waranti, ya kutengenezewa ikiharibika. Mama Taipu alikuwa hajaweka. Akaweka, akamshukuru kwa dhati, akakata.

Tukabaki na jambo moja: anwani. Fomu ilitaka namba ya nyumba. Nyumbani kwake hakuna mtu mchana, na mpeleka mizigo hangojei. Mama Taipu akaandika: Benchi la kahawa, mkabala na ofisi ya ardhi. Fomu ikageuka nyekundu. Jaza namba ya nyumba. Akaandika: Haina. Nyekundu.

— Unaona? akasema Gazeti. Mashine yenyewe inakwambia hupo.

— Sipo?

Alisimama. Tangu tumfahamu, huyu mama hapandishi sauti, lakini siku ile watu waliokuwa kwenye foleni ya ofisi waligeuka.

— Miaka ishirini na saba niko hapa! Nusu ya viwanja vya mji huu vimepita kwenye vidole vyangu! Karani wa dirisha la tatu, barua yake ya kuomba kazi nimeichapa mimi! Halafu sipo? Breki, nyumba hii ni ya ngapi kutoka kwenye kona?

— Ya kwanza.

— Basi ni namba moja.

Breki akainama kwenye jiko langu, akachukua kipande cha mkaa uliozimika, akaandika moja kubwa kwenye ukuta, ndefu kuliko mlango. Mkono wa dereva, umenyooka. Mama Taipu akaandika moja kwenye fomu. Nyekundu ikaondoka. Akabonyeza kuagiza, kisha akaketi.

Siku tisa akafanya kazi kwa mashine yake ya zamani, akiwamalizia waliokuwa wanawahi tarehe mosi. Siku tisa Breki na Gazeti wakabishana. Mmoja alisema litakuja tofali limefungwa vizuri. Mwingine akasema litakuja kasha, ndani kuna kasha, ndani kuna kasha, la mwisho lina bili. Siku ya kumi akaja kijana wa pikipiki, akatazama ukuta, akasema, "Namba moja ndiyo hapa?"

Haikuwa tofali. Ilikuwa nyeusi, nzito kiasi, na kibodi yake ilipoguswa ilijibu kwa mlio mdogo, mkavu. Mama Taipu akaandika jina lake zima, akalifuta, akaliandika tena. Akajipangusa macho kwa upande wa mtandio, akasema kahawa yangu leo ina moshi.

Tarehe mosi mteja wake wa kwanza alikuwa muuza mkaa aliyetaka hati ya kiwanja cha marehemu mama yake. Mama Taipu akamsikiliza, akamwandikia, akatuma ombi kwa bando la simu yake. Muuza mkaa akavuka barabara kuulizia. Hata kikombe hakijapoa, akarudi.

— Karani wa dirisha la tatu anasema ameliona, lakini nichapishe nimpelekee karatasi.

Benchi zima likageukia kwa Mama Taipu. Yeye akanyanyuka, akaibeba laptopu ikiwa wazi mikononi kama sinia la wageni, akavuka barabara. Tulimsikia vizuri, dirisha la tatu ndilo lililo karibu.

— Bwana karani, hujambo?

— Sijambo, mama, shikamoo. Ni karatasi tu, mama, kwa ajili ya faili.

— Tangazo lenu linasema karatasi hazipokelewi.

— Ni kweli, lakini...

— Mimi siwezi kuvunja sheria ya serikali, mwanangu. Soma hapa.

Akaiweka laptopu kwenye kizingiti cha dirisha. Foleni ikasogea kumzunguka, na wengine wakaanza kusema asome, asome.

Wakati huo mwanamke mmoja tusiyemjua, mwenye bahasha ya kaki kwapani, akaja kuketi benchini, akaagiza kahawa. Akauliza yule mama pale dirishani ni nani. Gazeti na Breki wakagombea kumhadithia. Walimweleza habari za injini na mlima, za mashine isiyosahau, za herufi zinazouzwa moja moja, na mawingu, na jinsi walivyomwambia tangu mwanzo kwamba jambo lile ni gumu, na umri ule hauwezi. Walieleza vizuri mno, kwa mikono, hadi kahawa ikawamwagikia.

Mgeni akasikiliza mpaka mwisho. Akapuliza kikombe chake.

— Na ninyi mlijaribu lini?

Breki akamtazama Gazeti. Gazeti akafungua gazeti, akalifunga. Nikainua birika niwajazie vikombe, wapate cha kufanya, nikakuta halina kitu. Ng'ambo ya barabara sauti ya Mama Taipu ikasikika, haina haraka hata kidogo:

— Umeruka mstari, mwanangu. Anza tena juu. Mimi nipo.