Mama Wiki Mbili Anaiacha Mashine Yake

Leo ni tarehe 28 Februari. Mimi nilitoka kwetu miaka saba iliyopita, nikaja hapa hospitalini kusukuma viti vya wagonjwa. Mkunga wetu nilimkuta, na leo anastaafu akiwa na miaka thelathini na minne kazini. Nimeombwa niandike haya ya kumuaga kwa sababu wenye elimu wote wamesema wana kazi.

Tulimwita Mama Wiki Mbili. Mjamzito mwenye mapacha wanaogawana kondo moja la nyuma alipimwa kwa ultrasaundi kila wiki mbili, kuanzia wiki ya kumi na sita. Harusi, msiba au mvua havikuwa udhuru. Watoto hao, alisema, ni wapangaji wa bomba moja: mmoja anaweza kujichotea damu ya mwenzake, na mama asisikie maumivu yoyote.

Mwaka wangu wa pili, fundi cherehani mmoja wa mtaa wa pili, mwenye mapacha wa namna hiyo, mimba ya wiki ishirini, hakutokea. Mkunga akaniita. "Wewe, chukua kiti umfuate. Usinirudishie kiti kitupu."

Nilikisukuma kwenye jua la saa saba, watu njiani wakinipa pole. Nikamkuta anashona sare za shule, tumbo limefura kwa siku nne tu. Mama mkwe wake akasimama mlangoni. "Wajukuu zangu wameshiba, baba. Hospitali ya nini?"

Nikamwambia mimi mwenyewe namwogopa yule mkunga kuliko ninavyomwogopa yeye. Akakubali, mradi naye aende akasikie kwa masikio yake. Tatizo goti lake bovu. Fundi akasema akikaa anakosa pumzi, heri atembee taratibu. Basi bibi akapanda kiti.

Mkunga alitutazama tukiingia. "Nimekuagiza mjamzito, umeniletea bibi!"

"Mwenye mimba huyo nyuma," bibi akajibu. "Mimi nimekuja kukagua."

Kicheko kilikatika mashine ilipowashwa. Mtoto mmoja alikuwa akiogelea kwenye maji tele. Mwenzake alibanwa ukutani, maji yake karibu yamekwisha. Mkunga akapiga simu hospitali ya rufaa, akapanda gari pamoja nao, chai yake ikabaki mezani.

Kesho yake daktari aliziba kwa leza mishipa iliyokuwa ikihamisha damu. Kisha mkunga akampima fundi kila wiki, kwa vitisho vilevile. Watoto walizaliwa wiki ya thelathini na tatu, wadogo, wote wawili wakilia. Sasa wako chekechea na wanapigana kutwa.

Simpambi. Alikuwa mkali, na kalamu zetu zote ziliishia mfukoni mwake. Ila amemfundisha mrithi wake vizuri. Naye ameshaanza kutukemea.

Mama, asante. Tunakuombea afya, usingizi mrefu na siku zisizo na foleni.

Dada yangu kule kwetu ameandika kwamba ana mimba ya mapacha. Sikumuuliza wa kike au wa kiume. Nimemuuliza wana kondo moja au mawili, na jibu nalitaka wiki hii. Mimi mwenyewe nafika huko tarehe 8 Aprili.