Ng'ombe wa Shemeji Pale Ufukweni

Asubuhi ile Kinyozi alitundika picha ukutani, juu ya benchi letu la nje ya duka lake, akarudi nyuma kuitazama, akainyoosha, akaitazama tena. Ilikuwa ya kundi la ng'ombe ufukweni, imechorwa kwa chaki za rangi, zile laini zinazoacha vumbi vidoleni. Mchoraji ni mkewe, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, ambaye sote tunamwita Shemeji. Amekulia shamba, huko pwani, akichunga ng'ombe wa baba yake. Miezi mizima alikuwa akichora jikoni na kuficha. Hii ndiyo ya kwanza aliyokubali itoke nje, tena kwa kubembelezwa. Kahawa ikamiminwa, ubishi ukaanza.

— Ng'ombe wa zambarau umewaona wapi wewe? — akauliza Fundi Baiskeli.

— Kivuli hicho, — akasema Kinyozi. — Jua likichomoza upande ule, ng'ombe mwekundu anakuwa zambarau.

— Haya. Na baharini wanafuata nini? Majani si yako huku nyuma?

Kepteni, dereva wa basi mstaafu, akakohoa kama anayepiga honi.

— Wanasubiri kivuko. Mimi abiria nawajua kwa macho. Mtazame huyu wa mbele alivyonuna: kivuko kimechelewa.

— Acha hizo, Kepteni! Wanakwenda kuoga, kuna harusi, — akasema Fundi Baiskeli.

— Harusi ya nani?

— Ya huyu mweupe. Huoni anavyojishaua? Wenzake wote wamempisha.

— Basi huyu dume wa pembeni ndiye bwana harusi. Mbona anatazama kando?

— Kaona ukoo wa wakwe ulivyo mkubwa!

Tulicheka hadi benchi likayumba. Mimi nikadai bahari yenyewe inawaogopa, ndiyo maana mawimbi yanarudi nyuma. Kepteni akajimwagia kahawa. Kinyozi alikuwa anafuta machozi.

Ndipo akaja mpangaji mpya wa nyumba ya jirani, dada muuguzi, na gauni la kupunguzwa mkononi.

— Nimebisha hodi kwa fundi cherehani, kajifungia, ananijibu kwa sauti ya kilio. Kwani mmemfanya nini?

Kinyozi alitazama picha, akatazama ng'ambo, uso ukamshuka. Kutoka kule maneno yetu hayasikiki. Kinachovuka barabara ni kicheko tu.

Tukavuka wote, Kinyozi mbele, taulo la kunyolea begani.

— Mama watoto, fungua. Hatukukucheka wewe.

— Mmecheka. Nimewasikia.

— Shemeji, — akaingilia Kepteni, — mimi tangu asubuhi niko na wale ng'ombe wako, tunasubiri kivuko. Leo hata mpira hatujauzungumzia!

— Nami sitoki hapa, — akasema Fundi Baiskeli, — mpaka nijue kama yule mweupe anaolewa au haolewi.

Kisha ndani kikasikika kitu kama kikohozi, kikageuka kicheko. Mlango ukafunguka. Macho yake yalikuwa mekundu, na shavuni alikuwa na alama ya chaki.

— Haolewi, — akasema. — Ana mimba. Baba alikuwa anawapeleka pale wapate upepo, nzi wapungue.

— Ana mimba? — tukapiga kelele sote.

— Ya yule dume wa pembeni! — akasema Fundi Baiskeli. — Ndiyo maana anatazama kando!

— Yule? Thubutu! — akasema Shemeji, akavaa ndala zake na kutoka nje. — Njooni niwaonyeshe baba wa ndama.

Akatutangulia kuvuka barabara, huku akibisha kuliko sisi sote.