Sahihi ya Mama Meklit

Ndani ya treni ya mjini Addis Ababa, Wubit hakumficha kitu mzee aliyeketi kando yake. Bintiye Meklit kafukuzwa darasani kwa kukutwa na simu.

“Mtandao unawaharibu, mwanangu. Wasome vitabu.”

“Vitabu gani, baba? Maswali yote mwalimu wao anayatuma kwenye Telegramu! Mtoto akiyafungua, eti mhuni?”

“Sasa wanataka nini kwako?”

“Nitie sahihi karatasi kwamba alikuwa akichezea simu. Nisipotia, hafanyi mtihani.”

“Tia tu, yaishe,” mzee alisema kwa upole, kama anayempa dawa. “Sisi enzi zetu tulitia sahihi karatasi ngapi za kukiri tusiyoyatenda?”

“Ndiyo maana hawajaacha kuzileta!” Wubit akafoka, na treni ikasimama kwenye kituo cha shule.