Nafasi ya Nukta

Benchi letu liko ng'ambo ya ofisi ya mtaa, kwenye kibaraza cha duka lililofungwa siku nyingi. Linatosha watu watano, lakini tunakaa wanne. Nafasi ya pembeni ni ya kaka yangu. Tulimwita Nukta, kwa sababu ubishi ukimchosha alipiga goti kwa kiganja na kusema, "Nukta!" na ubishi ukafia hapo. Tangu aondoke hakuna ubishi uliowahi kuisha hapa. Tunauacha jioni na kuukuta asubuhi, umeongezeka uzito. Kikombe chake kimefunikwa kifudifudi mahali pake, na mgeni akiuliza, "Hapa pana mtu?" tunaitikia wote, "Pana!" Mimi wananiita Kobe. Nasema polepole, wanadai nikitoa salamu asubuhi wao huipokea alasiri.

Asubuhi hiyo Dada Birika alikuwa amekwisha kuwasha jiko la kahawa. Pembeni yake pipa la maji lilidondosha tone, tone, tone, kama kawaida. Mafundi watatu wameishughulikia ile koki na wote wameshindwa.

Ilikuwa Jumatatu, na Fundi Bomba alikuwa ameachiwa kutoka jela.

Watu wa rika letu wanamkumbuka. Aliitwa nyumbani kwa watu wanaokaa peke yao, akatengeneza bomba, kisha akaua. Walikuwa sita, na katika kila nyumba bomba lilikutwa limetengenezwa vizuri. Watano walipatikana wakazikwa. Kaka yangu ndiye wa sita. Bomba lake halikuvuja tena, na yeye hakuonekana tena. Miaka yote hii namwombea bila kujua nielekee upande gani. Nilikuja benchini na swali moja: ulimweka wapi? Nililifanyia mazoezi tangu alfajiri, maana kwa mwendo wangu yule mtu angeweza kufika kwao kabla sijalimaliza.

Aliyeanza ni Redio, fundi viatu, ambaye hushona huku anatangaza.

REDIO — Anapita hapa leo! Masharti ya paroli: kila Jumatatu aripoti ofisi ya mtaa. Ofisi yenyewe si ndiyo ile?

PUTO — Na sisi tumejipanga hapa kama vikombe kwenye sinia!

Puto ni dereva wa lori. Mwili wa tembo, moyo wa kifaranga.

JAJI — Tulieni. Paroli ni kifungo kilekile, ila kuta zimesogezwa mbali. Haruhusiwi kutoka mjini, haruhusiwi kuingia nyumba ya mtu, haruhusiwi kushika spana.

Jaji alifagia mahakama mpaka akastaafu. Vumbi la sheria lilimwingia kichwani.

PUTO — Spana tu? Nyundo je?

JAJI — Nyundo haikutajwa.

PUTO — Mama yangu mzazi!

DADA BIRIKA — Kwani wamemwachia kwa nini?

JAJI — Ni mzee, mgonjwa, na ana tabia njema.

PUTO — Tabia njema! Huko ndani hakuna anayekaa peke yake, angemuua nani? Hata mimi nikikaa jangwani sitaiba kuku.

REDIO — Sikilizeni, habari kamili ninayo mimi. Amemaliza mabomba yote ya jela. Hakuna tena kinachovuja. Sasa fundi asiye na kazi utamlisha wa nini? Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

DADA BIRIKA — Huyo umpe jembe? Siku ya nne mtaa hauna watu.

REDIO — Na kwa nini aliua? Mimi najua. Wote walimwambia maneno mamoja: "Fundi, hii kazi ndogo tu, ya dakika mbili."

Puto alishika mashavu.

PUTO — Juzi nilimwambia fundi wangu hivyohivyo!

REDIO — Juzi Fundi Bomba alikuwa ndani.

PUTO — Nani kakwambia? Bomba linaanzia wapi, linaishia wapi? Mtu anayejua kila bomba la mji huu, ukuta wa jela umzuie?

JAJI — Bomba la inchi moja, Puto.

PUTO — Ndiyo maana wanasema amekonda!

Nilicheka mpaka nikafuta macho. Watu husema mfiwa hacheki. Aliyeumba kilio ndiye aliyeumba kicheko, na mimi naona aliviweka nyumba moja, vinapokezana mlango.

REDIO — Amekonda wapi! Yule ni mlango na nusu. Akisimama mlangoni kwako, taa unawasha mchana. Na macho yake hayapepesi. Akilala anayafunika na sufuria.

JAJI — Mimi nilifagia chini ya miguu yake kizimbani. Miguu ilikuwa mikubwa, lakini sufuria sikuiona.

REDIO — Ungeionaje, na wewe unafagia umeinama?

PUTO — Jamani, mnajuaje kama aliyetoka ndiye? Labda mwenyewe alikufa zamani, huyu ni pacha wake.

REDIO — Pacha! Umeona? Mmoja anatengeneza bomba, mwingine anaua. Ndiyo maana kazi zote mbili zilikuwa safi.

JAJI — Basi pacha wa pili yuko wapi?

REDIO — Yuko kati yetu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Puto akaanza kujipapasa mifukoni.

REDIO — Nani alihamia mtaa huu akasema yeye ni dereva, na lori lenyewe hatujaliona mwaka wa pili huu?

PUTO — Liko gereji! Walahi liko gereji!

DADA BIRIKA — Mwacheni mwenzenu. Juzi aliniita nimuulie mende, na alipanda juu ya kiti.

JAJI — Na wewe, Kobe? Akija utafanya nini?

MIMI — Nita...

REDIO — Atamkaba!

PUTO — Atamsamehe!

JAJI — Atamfungulia kesi upya!

DADA BIRIKA — Jamani, mwacheni mzee amalize!

MIMI — ...muuliza.

PUTO — Umuulize? Muuaji haulizwi, mzee wangu, muuaji anakimbiwa. Haraka haraka haina baraka, kwa hiyo tukimbie sasa hivi!

DADA BIRIKA — Utamuuliza nini, Mzee Kobe?

MIMI — Alimweka wapi.

Tukalisikia lile pipa. Tone. Tone.

JAJI — Na akikwambia?

MIMI — Nitakwenda. Nitasimama pale nimsomee dua yake, anisikie kwa karibu. Nikirudi tutageuza kikombe chake, tukioshe, akitumie anayekuja. Na kaka yangu apumzike.

Redio alivuta uzi wa kiatu, akaukata kwa meno. Kisha akapaza sauti.

REDIO — Haya, macho mlangoni! Akitoka, nitamjua kwa kivuli kwanza.

Tukakodolea mlango wa ofisi. Akatoka karani na funguo zake. Akatoka mama na mtoto mgongoni. Akatoka mzee mmoja mwembamba mwenye kofia ya kitambaa, na viatu vikubwa visivyo na kamba vilivyokuwa vinampiga kisigino kila hatua. Redio alivitazama viatu, akasikitika. Mwenye viatu hakumtazama. Mzee akavuka barabara kuja upande wetu.

PUTO — Mzee, shikamoo! Usisimame sana hapo njiani, tafadhali. Kuna muuaji anatarajiwa.

— Marahaba. Ahsante, mwanangu, — alisema yule mzee.

Alipofika kwenye pipa alisimama. Akaitazama koki jinsi mtu anavyomtazama mtoto wa jirani anayelia. Akavuta uzi kwenye mkono wa shati lake uliochakaa, akafungua koki kwa vidole, akauzungusha ule uzi kwenye shingo ya koki, akaibana tena. Vidole viwili tu. Hakushika spana.

Tone halikuja.

Tulingoja. Halikuja. Sikujua mtaa wetu una ukimya mwingi kiasi kile. Dada Birika aliachia kifuniko cha birika kikaanguka chini, na hakuna aliyekiokota.

Puto alikuwa amekwisha kujificha nyuma ya Dada Birika, ambaye ni robo yake. Jaji alitazama juu, kana kwamba kifungu cha sheria kimeandikwa kwenye bati. Redio alikuwa na msumari mdogo mdomoni, na aliusahau hapohapo.

Mzee alifuta vidole kwenye suruali, akaja mpaka mwisho wa benchi. Alikuwa anahema. Akaiona nafasi, akakiona na kikombe.

— Samahani, wazee wenzangu, — alisema. — Miguu imechoka. Hapa pana mtu?

Jibu la swali hilo tumelitoa mara nyingi hata kasuku angelijua. Lakini siku hiyo hakuna aliyelitoa. Pacha hakumsaidia Redio, wala vumbi la mahakama halikumsaidia Jaji. Wote walinigeukia mimi.

Swali langu la alfajiri lilikuwa limenikimbia. Nikalitafuta ulimini, silioni. Nikamwomba Mungu anipe neno lolote, hata fupi.

— Hilo, — nikasema. Nikavuta pumzi, na hakuna aliyenikatiza. — Hilo... utujibu wewe, fundi.

Alinitazama usoni. Watu husema tulifanana sana, mimi na kaka yangu, hasa kwenye paji la uso. Akakitazama kikombe tena. Kisha akavua kofia, akaikunja, akaishika kwa mikono yote miwili, akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

Alianza kusema. Alisema polepole kuliko mimi, na Redio, ambaye hajawahi kumwacha mtu amalize sentensi, akangoja.