Jina Langu Nililitaja Mwenyewe

Assalamu alaykum, ndugu zangu! Sifa zote ni za Mola, aliyenipa pumzi ya kusimama mbele yenu na kusema. Nasema "kusema" kwa makusudi, maana mnaonijua tangu utoto wangu hapa mtaani Malindi, Unguja, mnajua kwamba kusema ndiko kulikokuwa mtihani wangu.

Mimi nina kigugumizi. Chuoni, tulikosoma Kurani, watoto walikuwa wakiniigiza mpaka maalim awakemee. Nikisoma kwa sauti pamoja na wenzangu, ulimi haukwami. Nikiulizwa jina langu peke yangu, basi! B-B-B... na Badriya haitoki. Watu wenye huruma walinimalizia, na wasio na huruma walicheka. Na mimi, ndugu zangu, wenye huruma ndio walioniumiza zaidi.

Lakini Mungu hafungi mlango ila huacha dirisha. Alinipa hesabu! Nambari nilizipenda kama wenzangu walivyopenda hina na asmini. Nikawa mwalimu wa hisabati katika skuli ya wasichana mjini. Nilifundisha kwa chaki zaidi kuliko kwa mdomo, na wanafunzi wangu wakafaulu.

Ndipo ikaja habari kwamba skuli moja ya wasichana huko Adeni inatafuta mwalimu wa hisabati, na waajiri watakuja Unguja wenyewe kuwahoji wanaotaka. Moyo wangu uliruka! Kaka yangu Nassor alikuwa akifanya kazi bandarini hukohuko, kwa hiyo nyumba ya kukaa ipo. Nikajiandikisha.

Bibi mkuu wa skuli yetu, mwanamke mwema, akanifanyia majaribio mbele ya walimu wenzangu. Akaniuliza jina langu. Ndugu zangu, sikuweza! Nilisimama pale, jasho linanitoka, mdomo wazi, na neno halipo. Walimu wakainamisha macho. Bibi mkuu akanishika mkono, akasema kwa upole, "Bi Badriya, labda safari hii tumpeleke mwengine."

Nilirudi nyumbani nikijifunika buibui mpaka machoni. Mama yangu, Bi Zuhura, alikuwa anakuna nazi. Nikamwambia, "Mama, siendi t-t-tena."

Hakuacha kukuna. "Kwa nini?"

"Watanicheka."

"Wakicheka utakufa?"

Mama akaweka kifuu chini. "Kaa hapa. Nifundishe mimi. Nusu ya nusu ni robo, hilo nnalijua. Lakini nyinyi mnasema nusu mara nusu. Mara si kuongeza? Vipi kitu kipungue?"

Nikaanza kumweleza, nikakwama. Akangoja. Nikakwama tena. Akangoja, ananitazama usoni, hakunimalizia hata neno moja! Nikachukua mkate, nikaukata, nikamwonyesha kwamba kuichukua nusu ile mara moja ni kuichukua yote, na kuichukua nusu ya mara ni kuchukua nusu yake tu, yaani robo. Akasema, "Alaa! Sasa nshafahamu." Tangu hapo kila alasiri nikawa mwalimu wa mama. Jirani zetu wakaja, wakakaa mkekani, nikawafundisha na wao. Aliyetaka kunimalizia neno, mama alimkanya kwa jicho.

Jina langu sikulifuta orodhani, na alfajiri ya siku ya mahojiano nilisali. Miaka yote nilikuwa nikiomba, "Mola wangu, niondolee kigugumizi." Siku ile, sijui ni nani aliyenitia maneno kinywani, nikaomba, "Mola wangu, niondolee haya ya ulimi ulionipa." Nikalia sana. Nilipoinuka, kifua kilikuwa chepesi.

Mahojiano yalikuwa katika ofisi moja mtaa wa Vuga. Walikaa watu wawili: bibi wa Kiingereza na sheikh mmoja kutoka Adeni. Bibi akaniuliza jina. Nikakwama palepale! Yule sheikh, kwa wema wake, akatazama karatasi akasema, "Badriya, sivyo?"

Nikamwambia, "Samahani, sheikh. Niache nilitaje mwenyewe."

Sikufanya haraka. Nikavuta pumzi. "Mimi ni B... Badriya binti Suleiman, mwalimu wa hisabati."

Wallahi, ndugu zangu, nilihisi mnyororo unakatika!

Bibi akasema nieleze, kama ninayemweleza mtoto, kwa nini sita ukigawa kwa nusu unapata kumi na mbili. Nikasema: una pishi sita za mchele na kopo la kupimia nusu pishi. Chota. Utachota mara ngapi mpaka mchele uishe? Nilikwama njiani, nikangoja, nikaendelea, nikafika.

Sheikh akasema, "Jawabu ni zuri. Lakini wasichana watakucheka, binti yangu."

Nikamjibu, "Watanicheka siku ya kwanza, sheikh. Ya pili watakuwa na hesabu za kufanya."

Akacheka yeye! Na bibi pia.

Haukupita muda, bibi mkuu akaniita mbele ya skuli nzima. "Bi Badriya!"

"Naam!"

"Funga mizigo. Wamekutaka wewe."

Mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Nami nilitembea barabara ya Malindi uso juu, na sioni haya kusema kwamba nilijivunia!

Nimefundisha Adeni, na wasichana niliowafundisha wengine sasa ni walimu. Kigugumizi nilikwenda nacho na nimerudi nacho, mnakisikia. Lakini hofu, ndugu zangu, Mola ameing'oa na mizizi yake! Namshukuru Yeye, na namshukuru mama aliyejua kungoja.

Nawe uliyekaa nyuma, mwenye jambo unalolificha, usingoje mpaka likutoke ndipo uanze kuishi. Mtegemee Mola, inuka nalo hivyohivyo. Sisi tutakungoja umalize.